Santuri Mbili za Wimbo Mmoja: Ipi Ibaki Kabatini?

Baba mkubwa alipofariki, santuri zake zililetwa kwangu Magomeni zikiwa kwenye makasha matano. Nilizichanganya na zangu, nikazipanga kwa majina ya bendi, na jozi zikaanza kujitokeza: wimbo uleule, lebo ileile, mara mbili, mmoja ulijitokeza mara tatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupenda muziki wa dansi, kwa hiyo sikushangaa kwamba tulikuwa tumenunua sahani zilezile. Lakini sebule yangu ni ndogo, na santuri haiwekwi stoo chini ya bati katika jiji lenye joto la Februari kama letu. Ilibidi nichague.

Nimekaa nazo jioni baada ya jioni, mbili mbili, nikisikiliza moja kisha nyingine. Nilianza na kanuni moja nyepesi, kubakiza iliyo safi na kuitoa nyingine, na kanuni hiyo haikumaliza hata wiki. Nawawekea hapa jozi zilizonifundisha zaidi na uamuzi niliofikia, kwa ajili ya yeyote mwenye makasha kama hayo nyumbani.

Je, ni jozi kweli?

Anza hapa, kabla hujashika kitambaa wala sindano. Bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam ili zirushwe hewani. Santuri lilikuwa jambo jingine. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa, zilichapwa Nairobi, na mara nyingi bendi ilifunga safari kwenda huko kurekodi upya kwa ajili ya sahani. Ndiyo maana wimbo unaousikia redioni kwenye kipindi cha zilipendwa unaweza kuwa na gitaa la solo tofauti na lile lililo kwenye santuri yako, ingawa waimbaji ni walewale na maneno ni yaleyale.

Hata santuri mbili zenye jina moja la wimbo zinaweza kutofautiana. Bendi ilibadilisha kampuni, ikaurudia wimbo uliopendwa, na lebo haikusema lolote. Kwa hiyo jina la wimbo lisikutoshe. Inamisha sahani kwenye mwanga utazame ule utepe laini ulio kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Utaona namba na herufi zilizochorwa kwa mkono au kugongwa. Kama namba hizo zinafanana pande zote mbili, una jozi. Zikitofautiana, kaa usikilize zote mbili mwanzo hadi mwisho: hesabu beti, fuatilia tarumbeta zinaingia wapi, sikiliza solo. Nilikuwa nimeshaiweka kando sahani moja ya bendi ya Tanga niitoe, kisha nikagundua kwamba saksafoni iliyomo haimo kabisa kwenye ile niliyobakiza. Zote mbili zimerudi kabatini na hazitoki.

Kwenye santuri za Uingereza za kampuni ya EMI utepe huo una siri nzuri. Waliandika herufi kutoka neno GRAMOPHLTD kuhesabu vibao vya kuchapia: G ni 1, R ni 2, A ni 3, hivyo hivyo mpaka T ambayo ni 9, na D ni sifuri. Ukiwa na jozi ya chapa moja, moja ikionyesha G na nyingine MP, ya kwanza imetoka kwenye kibao cha 1 na ya pili kwenye kibao cha 46. Mimi huitumia namba hiyo pale tu ambapo masikio yangu yameshindwa kuamua.

Inayong'aa na iliyokwaruzwa

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilikuwa na sahani mbili za 45, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za bendi ya Western Jazz, chapa moja, namba moja. Ya kwanza inang'aa kama kioo. Ya pili ina mikwaruzo kama njia za sisimizi. Nilimwambia fundi wangu wa Gerezani kwamba nimeshachagua. Akaniuliza kama nimezisikiliza zote. Sikuwa nimezisikiliza.

Ile inayong'aa ilikuwa imepigwa kwa miaka na sindano iliyokwisha. Wenye umri wanakumbuka mashine zile nzito za baa na za nyumbani, na sarafu iliyowekwa juu ya kichwa cha sindano ili isirukeruke. Sindano butu yenye uzito huo haiachi mkwaruzo wa kuonekana. Inachonga kuta za mfereji zenyewe, mule ndani mlimo na muziki. Ukiitazama upesi, sahani ni safi. Ukiiinamisha chini ya taa unaona mng'ao wa taa umefifia na mifereji imekuwa ya kijivu, hasa pale nyimbo zinapopanda sauti. Ukiiweka kwenye mashine, tarumbeta zinapasuka, na kila herufi "s" ya mwimbaji inageuka "sh". Hilo halioshwi wala halitengenezwi.

Ile iliyokwaruzwa ilitoa mlio mdogo wa "tik" kwenye beti mbili, basi. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nzima, besi inasikika nota kwa nota.

Kwa hiyo nalinganisha hivi. Kwanza naweka sindano karibu na mwisho wa upande, siyo mwanzoni. Kuna sababu: sahani inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini kadiri sindano inavyokaribia lebo duara linapungua. Kwenye LP, ile sahani kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika, mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 51 kwa sekunde, na ule wa ndani kabisa kwa kama 21 tu. Sauti imebanwa kwenye nafasi ndogo, na uchakavu hujitangaza hapo kabla ya kwingine. Dakika ya mwisho ikisikika vizuri, sahani hiyo ni nzima.

Kisha nashughulikia mikwaruzo. Mkwaruzo unaokatiza mifereji hutoa "tik" kila mzunguko: kwenye 45 ni kila sekunde 1.3 hivi, kwenye LP kila sekunde 1.8. Ukipitisha kucha taratibu bila kuhisi kitu, mara nyingi mkwaruzo huo hausikiki hata kidogo. Kucha ikikwama, utausikia, na pengine sindano itaruka. Sahani inayoruka ndiyo pekee niliyo tayari kuiacha hata kama sauti yake ni nzuri, maana wimbo unaoruka ubeti hauko kamili tena.

Na osha kwanza! Nusu ya kelele niliyoihukumu kuwa uchakavu ilikuwa vumbi na ukungu wa masika. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya mfereji umeongeza tatizo. Tumia maji yasiyo na chumvi wala madini, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari, lakini soma chupa kwa makini: tindikali ya betri ni kitu kingine kabisa na inaunguza ngozi. Weka tone moja la sabuni laini ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usiloweshe lebo, suuza, simamisha ikauke kivulini. Ndipo ulinganishe.

Sahani ya 45 na LP ya mkusanyo

Swali hili nimeulizwa na watu wengi: "Nina LP yenye wimbo huo, ya nini tena sahani ndogo?" Kwa muziki wetu jibu lina uzito kuliko kwa muziki wa pengine, kwa sababu ya jinsi nyimbo za dansi zilivyotungwa. Wimbo una nusu mbili. Kwanza maneno, kwa utulivu, kisa kinasimuliwa. Kisha chemko, magitaa yanashika kasi, tarumbeta zinajibizana, watu wanaingia uwanjani. Upande mmoja wa sahani ya 45 unabeba dakika tatu, nne, tano kwa kubana. Wimbo mrefu haukutosha, kwa hiyo ukakatwa: "Sehemu ya kwanza" upande huu, "Sehemu ya pili" upande wa nyuma. Katikati unainuka, unageuza sahani, unarudi kukaa.

LP inakuondolea kero hiyo ikiwa imeunganisha sehemu zote mbili. Usidhani imeunganisha. Angalia muda, kisha sikiliza. Kama LP inaishia pale sehemu ya kwanza inapofifia, basi unao nusu wimbo, na sahani ndogo haiondoki nyumbani kwa hali yoyote.

Tuseme LP ina wimbo mzima. Nimelinganisha hivyo nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, nikiwa na sahani ndogo za wakati wake na Morogoro Jazz na Super Volcano upande mmoja, na upande wa pili LP za mfululizo wa *Ukumbusho* ambazo Polydor ya Nairobi ilizitoa baada ya ajali iliyomuua nchini Kenya Januari 1979. LP ni tamu kwa kukaa na kusikiliza mfululizo, na jalada lake ni la kutunzwa. Lakini sahani ndogo ina nguvu. Inazunguka mara 45 kwa dakika, nyimbo mbili tu sahani nzima, mifereji ina nafasi ya kutanuka, na besi inakufikia kifuani. Kwenye LP nyimbo nyingi zimegawana upande mmoja, mifereji imebanana, sauti imepunguzwa. Nikiwa na wageni na tunataka kusimama, naweka sahani ndogo. Nikiwa peke yangu usiku, naweka LP. Mbaraka kwangu anakaa kwa namna zote mbili, na kwa msanii mwingine yeyote ninayempenda kiasi hicho ningefanya vilevile. Kwa bendi ninazozisikiliza mara moja kwa mwaka, LP nzima inatosha na sahani ndogo inapata mwenyewe mwingine.

Jambo moja la kuzingatia kabla ya kutoa sahani yoyote ndogo ya kutoka Nairobi: mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ukafunguliwa 1983. Santuri za katikati ya miaka hiyo nimezikuta Dar kwa taabu kuliko zile za kabla yake. Nikiwa na jozi ya wakati huo, nabakiza zote mbili.

Chapa ya zamani na chapa mpya nene

Siku hizi muziki wa Afrika Mashariki unachapwa upya Ulaya, kwenye sahani nene za gramu 180, jalada zuri, maelezo marefu. Nazipenda, na nimezinunua. Lakini unene wa sahani hauongezi sauti, na swali la kuuliza ni moja: walichukua sauti kutoka wapi? Wakiwa wamepata mkanda wa asili uliotunzwa vizuri, chapa mpya inaweza kuishinda ya zamani waziwazi. Wasipoupata, walitumia sahani ya 45 kama ile uliyonayo wewe, wakaisafisha kwa kompyuta. Vaa spika za masikioni, sikiliza wimbo unapoanza na unapofifia. Ukisikia mchakacho wa sahani ndani ya wimbo wakati sahani yako ni mpya kabisa, umeshajua. Na wakisafisha kupita kiasi, kelele inaondoka pamoja na hewa ya magitaa. Matoazi yanabaki kama yamefunikwa blanketi.

Katika jozi nne za namna hii nilizonazo, nimebakiza ya zamani katika tatu. Ya nne, ya zamani imepinda kwa jua kiasi kwamba sindano inapanda na kushuka kama mtumbwi. Chapa mpya imekaa.

Mono na stereo

LP ya Harry Belafonte na Miriam Makeba ya RCA Victor ya mwaka 1965, ambayo ndani yake wanaimba "Malaika" kwa Kiswahili, ilikuwa kwenye kasha la baba mkubwa na pia kwenye rafu yangu. Namba zinafanana, 3420, ila yake inaanzia LPM na yangu LSP. Kwa RCA, LPM ni mono, sauti ya njia moja, na LSP ni stereo, sauti ya njia mbili.

Hapa mashine ndiyo inayoamua. Sindano ya stereo hucheza sahani ya mono bila kuiumiza. Kinyume chake ni hatari: sindano ya mashine ya zamani ya mono imetengenezwa kuyumba kulia na kushoto tu, ilhali mfereji wa stereo unaitaka ipande na kushuka pia. Ikishindwa kupanda, inachimba. Binti wa shangazi yangu kule Tanga bado ana redio ya sanduku ya wazazi wake yenye spika moja, nayo inafanya kazi. Mono imekwenda kwake, stereo imebaki kwangu.

Sahani za mizunguko 78

Hizi nazipitia upesi kwa sababu sina mashaka: bakiza zote. Ni za shelaki, utomvu wa wadudu wa India, na zinavunjika kama sahani za udongo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa sahani za aina hii, na sauti za taarabu ya enzi hiyo zimetufikia kwa kupitia kwenye sahani chache zilizonusurika kuanguka. Nakala ya pili ni akiba, kwa siku ile nakala ya kwanza itakapoteleza mkononi. Usiioshe kwa spiriti, inayeyusha shelaki. Usiicheze kwa sindano ya kawaida: mfereji wake unataka sindano pana kama mara nne ya ile ya stereo. Hata yenye ufa, itunze.

Jalada, na mwandiko wa mtu

Kwa LP za filamu za Kihindi zilizochapwa Dum Dum, Kolkata, jalada ni nusu ya thamani. Waliokuwa wakienda sinema za Avalon na Empire wanazikumbuka picha zile. Huko nachukua jalada bora la jozi na sahani bora ya jozi, naviunganisha, na sioni ubaya wowote. Sahani zetu ndogo ni tofauti, nyingi zilikuja kwenye mfuko wa karatasi wenye jina la kampuni tu, kwa hiyo mfuko uliochanika haunisumbui, naweka mpya.

Ila kabla hujatupa mfuko wowote wa zamani, usome. Kwenye mifuko ya baba mkubwa kuna tarehe kwa kalamu ya wino, kuna jina la mama mkubwa kabla hawajaoana, kuna mmoja ulioandikwa "irudi kwangu" na hautaji kwa nani. Wakusanyaji wengi hushusha bei ya sahani yenye maandishi. Mimi, sahani mbili zikilingana kwa sauti, nabakiza iliyoandikwa.

Zinazotoka

Hakuna inayotoka kabla sijaisikiliza mwanzo hadi mwisho na kuirekodi kwenye kompyuta. Nikishaamua, kwanza nauliza ndugu, kisha wenzangu wa hapa mjini kwa kubadilishana, mwisho kuuza. Wanunuzi kutoka nje wanapita, wanalipa vizuri, na wanataka rundo zima kwa bei moja. Sijawahi kuuza rundo. Nauza moja moja, nikijua ninachotoa.

Imebaki jozi moja ambayo ilinichukua wiki mbili. Ni sahani ya 45 ya NUTA Jazz, wimbo umegawanywa sehemu mbili. Nakala yangu ina sehemu ya kwanza safi kabisa na sehemu ya pili iliyolika. Ya baba mkubwa nayo sehemu ya pili imelika, ila kidogo tu, na ya kwanza inaruka. Nilipoziangalia tena chini ya taa nikaelewa. Chemko iko upande wa pili. Watu wa dansi walikuwa wakiurudia upande huo usiku kucha, na upande wa maneno ukapumzika. Tangu hapo nimeziangalia sahani nyingine za sehemu mbili, na nyingi ziko hivyohivyo: upande wa kucheza umechoka kuliko upande wa kisa.

Nimeziweka zote mbili kwenye mfuko mmoja, karatasi ikizitenganisha. Kwenye kona nimeandika kwa penseli "kwanza" juu ya yangu na "pili" juu ya yake, na nikitaka kuusikia wimbo huo natoa zote mbili.